Mwalimu, Lirudishe Neno Darasani

Walimu wenzangu wa Kiingereza, tuuache mtindo wa orodha. Tunaujua wote: maneno ishirini ubaoni, maana zake pembeni, wanafunzi wananakili, Ijumaa jaribio, na Jumatatu anayekumbuka hata matano ni wa kutafuta. Watoto wetu hawana akili nzito, na sisi hatukosi bidii. Neno lililopita mbele ya mtoto mara moja, bila sura, bila sauti, bila kisa, halina pa kushika.

Nina jambo moja la kuwaambia, na nalisema kwa moyo wangu wote. Msamiati unaokaa hujengwa na vitu viwili vinavyokwenda pamoja: filamu inayolipa neno sura, na habari inayolirudisha neno lilelile siku baada ya siku. Wahenga walishasema, mchovya asali hachovyi mara moja. Mwanafunzi wetu anahitaji kuchovya tena na tena, na kazi ya kumwekea asali hiyo mezani ni yetu.

Tusilichukulie jambo hili kuwa burudani ya Ijumaa mchana. Mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta Baiolojia, Fizikia na Jiografia zote zimehamia Kiingereza. Majirani zetu wa Rwanda walipitia mtikisiko wa namna hiyo kuanzia mwaka 2008, Serikali yao ilipoamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa madarasani. Mtoto asiyejua maana ya "increase" na "decrease" hawezi kusoma grafu ya mvua, hata kama mvua yenyewe anaijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake shambani. Tunamwandikia kwamba Jiografia imemshinda, kumbe amekwama kwenye maneno mawili. Kila neno tunalompa likakaa linamsaidia katika vipindi vyote vya siku.

Elfu tatu zinafikika

Wengine hukata tamaa mapema. Husema maneno ya Kiingereza hayana mwisho, tutamaliza lini? Hesabu iko upande wetu. Watafiti Stuart Webb na Michael Rodgers walichambua mazungumzo ya filamu 318 na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Mtu anayejua familia 3,000 za maneno yanayotumika zaidi, ukijumlisha na majina ya watu na mahali, anatambua takriban maneno 95 katika kila 100 yanayosemwa kwenye filamu. Akifikisha familia 6,000, anatambua 98. Familia moja ni neno pamoja na wote waliozaliwa nalo: "teach", "teaching", "taught" na "teacher" zinahesabiwa kuwa familia moja.

Gawanyeni elfu tatu kwa miaka minne ya sekondari. Ni familia 750 kwa mwaka. Ukiwa na wiki arobaini za masomo, inakuja chini ya ishirini kwa wiki, na hakuna mwanafunzi anayeanzia sifuri. Huo si mlima wa kumshinda mwalimu aliyekwisha kufundisha darasa la watoto themanini kwa chaki na sauti yake.

Ila neno lihesabiwe likikaa tu. Webb huyohuyo alichapisha mwaka 2007 utafiti kuhusu wanafunzi wa Kijapani waliokutana na maneno mapya mara moja, mara tatu, mara saba au mara kumi. Kadiri walivyokutana nayo mara nyingi, ndivyo walivyoyajua zaidi. Na hata mara kumi hazikutosha kulijua neno kwa ukamilifu wake. Shikeni namba hiyo, walimu wenzangu. Orodha ya ubaoni inampa mtoto mara moja, labda mbili akilifungua daftari usiku. Nane zilizobaki zitatoka wapi? Zinatoka kwenye filamu aliyoipenda na habari inayosemwa mtaa mzima.

Kutoka Katwe hadi ukurasa wa michezo

Chukueni Queen of Katwe, filamu ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Mira Nair. Inasimulia maisha ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe jijini Kampala, aliyekuwa akiuza mahindi mitaani kabla hajafundishwa mchezo wa sataranji na kocha Robert Katende, hadi akaiwakilisha Uganda katika mashindano ya kimataifa. Madina Nalwanga anaigiza Phiona, Lupita Nyong'o ni mama yake, David Oyelowo ni kocha. Kiingereza cha filamu hiyo kina lafudhi ya huku kwetu. Mabati, vumbi, bodaboda, madumu ya maji: mwanafunzi wa Mbagala, Kisumu au Bukavu hahitaji kuelezwa yuko wapi. Macho yamekwisha kuelewa, na masikio yanabaki na kazi ya kusikia maneno tu.

Sasa yatazameni maneno yanayotoka kwenye ubao ule wa sataranji: "opponent", "defend", "draw", "resign", "promote". Mchezaji akiona hana njia tena, anakubali kushindwa, na hapo Kiingereza kinasema "he resigns". Kete ndogo kuliko zote, inayoitwa "pawn", ikivuka ubao mzima hadi mstari wa mwisho, inapandishwa na inaweza kuwa malkia. Hapo kinasema "the pawn is promoted".

Simamisha picha. Chora ubao wa sataranji kwenye kipande cha boksi, panga vizibo vya soda viwe kete. Mwite binti aliyekaa nyuma kabisa, yule asiyenyoosha mkono, aisogeze kete yake mraba kwa mraba. Darasa zima linahesabu naye. Kizibo kinapogusa mstari wa mwisho, kila mtu aseme kwa sauti: "Promoted!" Kisha mpe rafiki yake zamu, kisha mwingine. Kwa dakika tano neno limeonekana, limesikika, limetamkwa, na mkono wa mtoto umeligusa.

Jumatatu ingia na gazeti la Kiingereza. Kwenye ukurasa wa michezo, timu iliyopanda daraja inaitwa "newly promoted". Kwenye habari za nchini, ofisa aliyepandishwa cheo naye ni "promoted". Kwenye habari za uchumi, kiongozi anasema wanataka "to promote tourism". Mwanafunzi aliyekiona kizibo kikivuka ubao anazishika maana zote tatu bila kamusi, kwa kuwa kote kuna kitu kinachosukumwa mbele au kupelekwa juu. "Resign" kwenye filamu ilikuwa ya mchezaji, na kwenye habari ni ya waziri anayejiuzulu. "Draw" ni sare uwanjani, na ni droo ya kupanga makundi. "Opponent" ni mpinzani mbele ya ubao, na ni mpinzani kwenye kampeni. Mnaona jinsi filamu moja inavyolipa gazeti kazi ya wiki nzima?

Na habari za michezo hazitatuishia. Mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Maneno "host", "squad", "fixture" na "qualify" yamejaa kila mahali habari hizo zinaposomwa kwa Kiingereza. Vijana wetu wanaobishana Simba na Yanga kuanzia getini hadi kwenye foleni ya uji wana hoja nyingi na sauti kubwa. Tuwape maneno, wabishane kwa Kiingereza. Hakuna zoezi la kitabuni litakalowafanya wazungumze kwa ari kama ile.

Habari moja, wiki nzima

Mwalimu anayetaka kutumia habari huvutwa kuleta jipya kila siku. Tukatae kishawishi hicho. Tuchague habari moja na kuifuata kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Ikiwa ni mafuriko, siku ya kwanza tutasikia "heavy rains" na "flooded". Siku ya pili linaongezeka "displaced", ya tatu "shelter" na "relief", ya nne "damage". Mwandishi wa habari analazimika kila siku kumkumbusha msikilizaji kilichotokea jana, hivyo maneno ya Jumatatu yanarudi Jumanne na yanarudi tena Alhamisi. Marudio yote yale tuliyokuwa tunayatafuta yanaletwa bure, na mtoto hachoki kwa sababu habari inasonga mbele.

Habari hiyohiyo inawatumikia walimu wenzetu wa masomo mengine. Mlipuko wa ugonjwa unaleta "outbreak", "symptoms" na "spread", maneno ya Baiolojia. Ukame unaleta "drought", "harvest" na "shortage", maneno ya Jiografia na Kilimo. Muulize mwalimu wa Baiolojia yuko mada gani mwezi huu, kisha utafute habari inayokwenda nayo. Walimu wawili wakifanya hivyo wamewapa wanafunzi wao zaidi ya vile kitabu kimoja kinavyoweza kuwapa.

Tusisahau meza ya magazeti. Kila mji wetu unayo, na asubuhi utawakuta watu wamesimama mbele yake, mikono nyuma, wakisoma vichwa vya habari bila kununua. Wafundishe wanafunzi kusimama pale kwa faida. Vichwa vya habari vya Kiingereza vina kanuni zake. Jambo la jana huandikwa kwa wakati uliopo, kama "Minister opens bridge", ilhali daraja limekwisha kufunguliwa. Vitenzi visaidizi huachwa, hivyo "Two held over theft" ni watu wawili wanaoshikiliwa kwa wizi. Na maneno mafupi hupendwa ili yaenee kwenye nafasi: "probe" ni uchunguzi, "bid" ni jitihada ya kupata kitu, "row" ni mzozo, nayo hutamkwa "rau". Mwanafunzi anayeijua "row" ya mstari peke yake atapotea njia asipoonywa. Akishazijua kanuni hizi, kila safari ya sokoni ni somo.

Wapo watakaosema habari ni ngumu kwa watoto wa Kidato cha Kwanza. Basi tazameni kilichofanywa na redio. Tarehe 19 Oktoba 1959 Sauti ya Amerika ilianza matangazo yaliyoitwa Special English. Msamiati wake wa msingi ulikuwa maneno kama 1,500, sentensi zilikuwa fupi zenye wazo moja moja, na msomaji alisoma kwa theluthi mbili ya kasi ya kawaida. Habari zilikuwa zilezile za dunia ya watu wazima. Kilichobadilishwa ni njia ya kuzisema.

Nasi tunaiweza njia hiyo. Chukua habari ya The Citizen au Daily Nation, ipunguze ibaki sentensi nane, sentensi moja wazo moja, uache ndani yake maneno sita mapya unayoyataka. Isome polepole mara mbili. Siku ya tatu mpishe mwanafunzi asimame yeye, aanze kwa kusema "Good morning, here is the news", kisha aisome mbele ya wenzake kama mtangazaji. Siku ya tano aandike habari ya shule yenu kwa maneno yaleyale sita: mechi ya jana, bomba lililopasuka, mgeni aliyekuja. Akiweza kulitumia neno kuhusu bomba la shule yake, neno hilo ni lake.

Maandishi ya Kiingereza, sauti ya Kiingereza

Kwenye filamu, nasisitiza jambo hili: maandishi yanayopita chini ya picha yawe ya Kiingereza. Sisi tumekulia lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa, kila herufi na sauti yake. Mtoto wetu akiliona "debt" anatamka b, na akiliona "receipt" anatamka p. Akilisikia "enough" redioni haamini kuwa ni lile aliloliandika jana. Maandishi yanapopita wakati uleule mwigizaji anapotamka, jicho na sikio vinakutana, na fumbo linafumbuka palepale.

Chagua kipande cha dakika tatu hadi tano, si filamu nzima. Mara ya kwanza zima sauti, wanafunzi waseme wanachokiona. Mara ya pili washa sauti na maandishi, wayawinde maneno sita uliyoyachagua. Mara ya tatu ondoa maandishi, wategemee masikio. Mara ya nne zima tena sauti, wao wenyewe watie maneno midomoni mwa waigizaji. Mara nne kwa kipindi kimoja, na hakuna atakayesinzia.

Tunao mabingwa wa kuigwa katika hili. Derek Gaspar Mukandala, anayejulikana kwa jina la Lufufu, aliwavuta Watanzania wengi kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na DJ Afro akafanya hivyo Kenya. Waliopita kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea filamu mtaani, wanajua nguvu ya sauti ile: inaeleza, inachekesha, inatabiri, na hakuna anayetoka mpaka filamu iishe. Mwalimu, chukua ari hiyo uingie nayo darasani. Eleza kisa kwa Kiswahili kabla ya kipande kuanza ili kila mtu ajue nani ni nani. Kisha nyamaza, uwaachie waigizaji waseme Kiingereza chao.

Hatuna umeme, hatuna muda

Navijua vikwazo, na ninaviheshimu. Shule haina projekta. Simu yako moja na spika ndogo ya kuchaji zinatosha kusikilizisha habari ya dakika mbili, na magazeti ya wiki jana hayahitaji umeme. Bando ni ghali. Pakua kipande kimoja mahali penye mtandao mzuri, kihifadhi kwenye memori kadi, kitumie mwaka mzima na madarasa yote manne. Darasa ni kubwa, kioo cha simu ni kidogo. Gawa makundi, kundi moja likitazama, la pili lisome gazeti, la tatu licheze kete za vizibo, kisha zungusha.

Mtihani unatukimbiza. Ndiyo, lakini mtihani huo umeandikwa kwa maneno, na mtoto anayeyajua maneno husoma swali mara moja akalielewa. Siku zisizo za filamu, dakika kumi za kila kipindi zinatosha, na zitarudishwa na muda wote tunaoutumia kueleza upya yaliyosahauliwa. Wazazi wanahofia maadili ya filamu. Hofu yao ni ya haki. Tazama kwanza mwenyewe hadi mwisho, chagua kipande ambacho ungekaa na wazazi wako kukitazama, na waalike wazazi waje waone watoto wao wakisoma habari kwa Kiingereza. Mzazi akimsikia mwanawe akitangaza mbele ya darasa, atakuuliza ufanye lini tena.

Mzee Maruge alikwenda

Nimalizie na kisa kinachobeba habari na filamu kwa pamoja. Mwaka 2003 Kenya ilifuta ada ya shule za msingi za Serikali. Mwaka uliofuata Kimani Maruge, mzee wa miaka 84 aliyepigania uhuru akiwa katika Mau Mau, alivaa kaptura ya shule, akaenda kwenye shule moja ya msingi mjini Eldoret na kuanza darasa la kwanza. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake. Habari zake zilizunguka dunia, na mwaka 2005 akasafiri hadi New York kuzungumza kwenye Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya msingi ya bure. Alifariki mwaka 2009. Mwaka 2010 ikatoka filamu yake, The First Grader, na aliyemwigiza alikuwa Oliver Litondo, ambaye aliwahi kusoma taarifa ya habari kwenye televisheni ya Kenya.

Wapeni wanafunzi habari ya Maruge Jumatatu, na kipande cha filamu yake Jumatano. "Enrol", "fees", "pupil", "refuse" na "right" yatakuwa yao kabla ya wiki kwisha. Kisha waulizeni: kama mzee wa miaka 84 aliona hajachelewa kukaa dawati moja na wajukuu, wewe wa miaka kumi na minne unaogopa nini?

Swali hilo ni letu pia. Tusingoje semina, tusingoje projekta, tusingoje mtu wa kutoka wizarani. Leo jioni chagua habari moja na kipande kimoja cha filamu. Andika maneno sita. Kesho ingia nayo darasani, keshokutwa yarudishe, na wiki ijayo yarudishe tena ndani ya habari nyingine. Mwombe mwalimu wa chumba cha pili afanye nawe, mbadilishane vipande na magazeti. Fanyeni hivyo muhula mmoja bila kuacha, mkiyahesabu maneno yaliyobaki vichwani mwa watoto. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyekaa mbele yenu ana haki ya kuielewa dunia inayomsemesha, na mtu wa kumfikisha huko ni wewe, mwalimu. Anza kesho.